Hadubini "inayokuza mara 2000": kabla hujatoa hela, pitia hapa

#1 Mzee wa Fildi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp la hadubini "inayokuza mara 2000", na naona wenye maabara za mtaani na walimu wa sayansi wanahamasishana wachange wanunue. Mimi ni mtu wa benchi la maabara, kazi yangu kubwa ni kusoma slaidi za malaria (vile vioo vilivyopakwa damu), na naomba niseme mapema: hiyo 2000 haikusaidii chochote. Hesabu ya muuzaji ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba hakuna kitu utakachokiona kwenye 2000 ambacho hukukiona kwenye 1000. Na kama hiyo ya 1000 uliyonayo inakuonyesha ukungu, usikimbilie kulaumu lenzi. Angalia kwanza ulivyoupangilia mwanga.

Hadubini ya kawaida ya maabara hukuza kwa hatua mbili. Lenzi iliyo karibu na slaidi, yaani objektivu, hutengeneza taswira kubwa, iliyopinduka, ndani ya bomba. Taswira hiyo ipo kweli. Ungeweza kuikinga kwa kipande cha karatasi angavu ukaiona. Kisha lenzi ya jicho, pale unapochungulia, hufanya kazi ya kioo cha kukuzia: inaichukua ile taswira na kuikuza tena. Ndiyo maana tunazidisha. Objektivu ya 40 na lenzi ya jicho ya 10 ni mara 400, ya 100 na ya 10 ni mara 1000. Muuzaji akichomoa lenzi ya jicho ya 10 akachomeka ya 20, tayari ana "2000" ya kubandika kwenye boksi.

Sasa geuza objektivu usome ubavuni. Utakuta kitu kama 40/0.65 na chini yake 160/0.17. Ile 40 kila mtu anaijua. Ile 0.65 ndiyo yenye kazi, na ndiyo hakuna anayeiulizia dukani. Inaitwa NA, nayo inakwambia lenzi inaweza kupokea mwanga uliotawanyika kwa upana gani kutoka kwenye sampuli. 160 ni urefu wa bomba kwa milimita, na 0.17 ni unene wa kile kioo chembamba cha kufunikia sampuli, nao kwa milimita. Ukikuta alama ya ∞ mahali pa 160, lenzi hiyo ni ya mfumo mwingine. Usiichanganye na za 160.

Mwaka 1873 Ernst Abbe, mwanafizikia wa Jena, Ujerumani, aliyekuwa akifanya kazi na Carl Zeiss, alionyesha kwamba kwa kuwa mwanga ni mawimbi, kuna udogo ambao lenzi haivuki hata uisugue kwa ustadi gani. Kanuni yake imechongwa kwenye mnara wake hukohuko Jena. Kwa matumizi yetu chukua 0.61, zidisha kwa urefu wa wimbi la mwanga (kijani ni kama maikromita 0.55, maikromita 1000 ndiyo milimita moja), gawanya kwa NA. Jibu ni umbali mdogo kabisa kati ya nukta mbili ambao lenzi bado itakuonyesha kuwa ni mbili:

4/0.10: maikromita 3.4
10/0.25: maikromita 1.3
40/0.65: maikromita 0.5
100/1.25: maikromita 0.27

Chukua hiyo ya mwisho. 0.27 ukiikuza mara 1000 inafika milimita 0.27. Jicho zima, kwa umbali wa kusoma gazeti, linatenganisha nukta zilizoachana milimita 0.1 hadi 0.2. Maana yake kwenye 1000 jicho lako limeshapata kila kitu ambacho lenzi inacho. Ukienda 2000 unapata ukungu uleule, mkubwa zaidi na wenye giza zaidi. Kanuni ya benchi: ukuzaji wenye faida ni kati ya mara 500 na 1000 ya NA. Kwa lenzi ya 1.25, ukivuka 1250 unajidanganya.

Karibuni kwa maswali. Nitaendelea na mpangilio wa mwanga nikipata nafasi.

#2 Kapelo Nyeusi

Nimeweka kiti cha mbele. Endelea mkuu.

#3 Binti wa Pathojia

Uzi mzuri. Niongeze kidogo kuhusu historia, maana inathibitisha unachosema. Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, katika miaka ya 1670 aliona bakteria na viumbe vya majini kwa hadubini yenye lenzi MOJA tu, punje ndogo ya kioo kwenye bati. Hadubini za lenzi mbili zilikuwepo tayari lakini zilikuwa zinamzidi kwa ukubwa wa umbo tu. Kila lenzi ilikuwa na kasoro zake, rangi zinatawanyika kando ya kitu kama upinde wa mvua, na ukiweka lenzi ya pili unakuza na kasoro. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1830, baada ya Joseph Jackson Lister wa Uingereza kuonyesha namna ya kupanga lenzi za vioo tofauti zisahihishane, ndipo hadubini ya lenzi mbili ikawa chombo cha kuaminika.

#4 Ticha Mkavu

Mkuu naomba ufafanuzi, huwa nawaambia wanafunzi tu "weka mafuta" bila kuwa na sababu ya kuwapa. Kwa nini lenzi ya mia peke yake ndiyo inataka oili?

#5 Mzee wa Fildi

Mwalimu, swali zuri, na jibu lake limo kwenye ile NA.

Mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia hewani unapinda na kutawanyika nje. Miale iliyoinama sana inapotea kabla haijaifikia lenzi, na miale hiyo iliyoinama ndiyo iliyobeba habari za vitu vidogo kabisa. Kwenye hewa NA haiwezi kuvuka 1. Lenzi zenyewe za hewani huishia kama 0.95. Sasa kioo cha slaidi kina namba ya kupinda mwanga karibu 1.52, oili ya imesheni nayo imetengenezwa iwe karibu 1.515. Ukijaza oili kati ya slaidi na lenzi, mwanga hauoni mpaka wowote pale katikati. Unapita moja kwa moja. Ndipo 1.25 inapowezekana. Maji ni 1.33 tu, kwa hiyo wale wanaoweka tone la maji "kwa dharura" wanajipunja. Mafuta ya kupikia ni habari nyingine kabisa: hayana namba ya uhakika, na yanaganda.

Kingine: lenzi ya mia ikiwa kwenye fokasi inakaribia slaidi kwa milimita 0.1 na kitu kidogo. Lenzi ya 40 ni kama milimita 0.6. Ya 10 inakuwa na nafasi ya milimita kadhaa. Hapo ndipo utaelewa kwa nini slaidi ikiwekwa juu chini, damu ikiwa upande wa chini, kwenye lenzi ya 10 unaona vizuri tu lakini kwenye 40 na 100 hupati fokasi hata uzungushe mpaka jioni. Slaidi ina unene wa kama milimita moja. Lenzi haiwezi kufika. Wengi hupasua slaidi hapo, wengine hukwaruza lenzi.

#6 Muuza Spea

Swali la kizembe: nikitazama, kitu kinakwenda kinyume na ninavyosukuma slaidi. Ni mbovu?

#7 Mzee wa Fildi

Nzima kabisa. Objektivu imepindua taswira juu chini na kulia kushoto, na lenzi ya jicho haiirudishi. Kata herufi ndogo "d" kwenye gazeti, iweke wima kwenye slaidi, utaiona ni "p". Mikono huzoea yenyewe baada ya muda mfupi.

#8 Mzee wa Fildi

Haya, mwanga. Hapa nitakaa kidogo.

Njia ya mwanga kutoka chini: taa, halafu diaframu (kile kidude cha kufunga na kufungua tundu, kina mkono mdogo pembeni), halafu kondensa chini ya jukwaa (pale slaidi inapokaa), slaidi, objektivu, lenzi ya jicho. Kondensa ni lenzi kamili. Kazi yake ni kukusanya mwanga na kuupeleka kwenye sampuli kwa pembe pana, ili objektivu ipate ile NA uliyoilipia. Ukiwa na lenzi ya 1.25 na kondensa imeteremshwa chini kabisa, umenunua lenzi ya mia unatumia kama ya arobaini.

Kwa hadubini yenye diaframu mbili, moja kwenye taa na nyingine kwenye kondensa, mpango wake aliutoa August Köhler, Mjerumani, mwaka 1893, na mpaka leo haujapata mshindani. Weka slaidi, pata fokasi kwa lenzi ya 10. Funga diaframu ya taa mpaka ubaki na duara dogo la mwanga. Panda na shuka na kondensa mpaka kingo za duara ziwe kali. Kama duara limekaa pembeni, zungusha skrubu mbili za kondensa ulivute katikati. Sasa fungua diaframu mpaka duara livuke kidogo tu ukingo wa fildi (eneo lote unaloliona ukichungulia), basi, usiendelee. Kisha chomoa lenzi ya jicho moja, chungulia ndani ya bomba, na ufunge diaframu ya kondensa mpaka mwanga ujaze kama theluthi mbili au robo tatu ya duara unaloliona. Rudisha lenzi ya jicho. Ukibadilisha objektivu, rekebisha diaframu ya kondensa upya, kwa sababu kila lenzi ina NA yake.

Hadubini nyingi za vituo vyetu hazina diaframu kwenye taa. Usijali. Weka ncha ya penseli juu ya kioo cha taa, fokasi ikiwa tayari kwenye slaidi, kisha pandisha na kuteremsha kondensa mpaka uione ncha ya penseli imekaa sawa pamoja na seli. Hapo ndipo kondensa inapotakiwa kuwa, na mara nyingi utakuta ni karibu kabisa na juu.

Halafu tabia moja inayoniudhi kuliko zote: mwanga ukiwa mkali machoni, mtu anateremsha kondensa au anafunga diaframu. Swichi ya kupunguza taa ipo! Diaframu ni ya kupanga ukali wa picha. Kuongeza au kupunguza mwanga ni kazi ya ile swichi. Ukifunga sana, picha inapata kontrasti (tofauti ya weusi na weupe), kila kitu kinachorwa mstari mweusi pembeni, unafikiri umeona vizuri kumbe umepoteza vitu vidogo. Kwenye tone nene la malaria (damu iliyowekwa nene kwenye slaidi) hapo ndipo uchafu wa rangi unapogeuka kuwa "mdudu".

#9 Mkojo na Choo

Mzee wa Fildi, hapo kwenye kondensa sikubaliani. Chuoni tumefundishwa vizuri tu: mkojo, choo, na chochote kisicho na rangi, TEREMSHA kondensa. Nimetafuta mayai ya kichocho hivyo siku zote na nayapata.

#10 Mzee wa Fildi

Mkuu wangu, hatupingani sana. Sampuli isiyo na rangi inahitaji kontrasti, maana seli zilizo majini ni angavu na mwanga unazipita tu. Kuteremsha kondensa kunaleta kontrasti, sawa. Ila unapata ileile kwa kuacha kondensa juu na kufunga diaframu, na unabaki na udhibiti wa kiasi gani unapoteza. Mayai ya kichocho cha mkojo yana urefu wa maikromita zaidi ya mia, na mwiba wake uko mwishoni. Hayo utayaona hata kwa mpangilio mbaya. Chukua protozoa wa choo uhesabu viini vyake, uone tofauti.

Na kwa vile umeyataja: mkojo wa kichocho uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai yanatoka kwa wingi muda huo. Mkojo wa alfajiri unamfanya mgonjwa aambiwe mzima.

#11 Mkojo na Choo

Hapo sawa. Diaframu nitaijaribu, ila mazoea yana dawa yake.

#12 Ticha Mkavu

Shuleni kwetu umeme ni wa kubahatisha, hadubini ni zile za kioo chini. Kioo kina pande mbili, moja bapa na moja imebonyea. Wanafunzi wanageuza tu mpaka waone mwanga.

#13 Binti wa Pathojia

Mwalimu, kama hadubini ina kondensa, tumia upande bapa, kwa sababu kondensa ndiyo inayokusanya mwanga. Upande uliobonyea nao unakusanya. Ukiutumia pamoja na kondensa unavuruga mahesabu yake. Uliobonyea ni kwa hadubini zisizo na kondensa.

Elekeza kioo kwenye anga au kwenye ukuta mweupe uliopigwa na jua. KAMWE usielekeze kwenye jua lenyewe. Mwanga wa jua uliokusanywa na lenzi ukiingia jichoni ni upofu, na mtoto hapewi onyo la pili. Mimi ningepanga meza ili jua liwe nyuma ya mgongo wa mwanafunzi.

Kwa somo la kwanza kitunguu hakina mpinzani: menya ule utando mwembamba wa ndani, tandaza kwenye tone la maji, dondoshea iodini, shusha kioo cha kufunikia kwa pembe ili usibane mapovu. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayechora povu la hewa kwa ustadi mkubwa, duara nyeusi pembeni, akaliita seli.

#14 Mzee wa Fildi

Povu na kope za macho yake mwenyewe 😂

Hatua za kuanza, mwalimu, kwa kuwa watoto wanaharibu lenzi hapohapo. Waanze na lenzi ya 4 au ya 10 daima. Wakiangalia kwa PEMBENI, jicho likiwa usawa wa jukwaa, wapandishe jukwaa kwa skrubu kubwa mpaka lenzi ikaribie slaidi. Ndipo waweke jicho na kuteremsha jukwaa taratibu mpaka picha ije. Yaani wakiwa wanachungulia, mwendo uwe wa kuachanisha, usiwe wa kukaribisha. Wakihamia 40, skrubu kubwa iachwe. Lenzi zimepangwa ili fokasi ibaki karibu palepale, kinachohitajika ni skrubu ndogo tu. Na wazungushe kile kichwa chenye lenzi kwa kushika pete yake, wasivute lenzi zenyewe.

Ukubwa wa kitu nao wanaweza kuukisia bila kifaa cha ziada. Kwenye lenzi ya jicho kuna namba kama 10x/18. Hiyo 18 igawanye kwa objektivu: kwa lenzi ya 10, fildi ina upana wa milimita 1.8, kwa 40 ni milimita 0.45, kwa 100 ni 0.18, yaani maikromita 180. Seli nyekundu ya damu ni maikromita 7 hadi 8, kwa hiyo zikipangwa mstari mmoja zinaingia kama 24 kukata fildi ya lenzi ya mia.

#15 Mtoto wa Ng'ambo ya Pili

Huku pwani tatizo letu ni lenzi kuota kitu kama utando wa buibui. Ukisafisha hautoki.

#16 Mzee wa Fildi

Hiyo ni kuvu. Inaota juu ya lenzi na hata katikati ya vioo, ikishakula kile kipako cha kioo ndiyo basi. Dawa ni kuizuia isiote. Inataka unyevu na giza, na ndicho hasa unachoipa ukifunika hadubini kwa mfuko wa plastiki usiku kucha. Usiku iweke kwenye kabati lenye balbu ndogo inayowaka, joto kidogo tu linatosha kukausha hewa, au boksi lisilopitisha hewa lenye silika jeli. Silika ile yenye rangi, ikibadilika ikaushe kwenye oveni urudishe. Mfuniko wa kitambaa ni bora kuliko wa plastiki.

Kusafisha: puliza vumbi kwanza kwa kipulizio cha mpira, usipulize kwa mdomo. Oili ifutwe kila unapomaliza kazi, kwa karatasi ya lenzi, kwa kugusa na kuvuta. Shashi, pamba ya jeraha na pindo la koti vinakwaruza. Iliyoganda lainisha kwa kimiminika cha kusafishia lenzi kidogo tu kwenye karatasi, usimwage kwenye lenzi yenyewe. Zailini inasafisha kweli, lakini ikizidi inayeyusha gundi iliyoshika vioo.

Na kabla hujasafisha, jua uchafu uko wapi. Sogeza slaidi: ukisogea nao, uko kwenye slaidi. Zungusha lenzi ya jicho: ukizunguka nao, uko hapo. Badilisha objektivu: ukipotea, ulikuwa kwenye ile uliyotoka. Ukibaki palepale baada ya yote, angalia kondensa na kioo cha taa. Picha yenye ukungu kwenye lenzi ya 40 pekee ni ugonjwa unaojulikana: mtu amerudi kutoka lenzi ya mia akaipitisha ya arobaini kwenye oili. Arobaini ni ya hewa. Ukishaweka oili, kurudi kwenye arobaini ni marufuku mpaka ufute slaidi.

#17 Kijana wa Kipimo

Wazee mnajichosha. Siku hizi mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) tone moja, robo saa, mistari miwili, kazi imeisha. Hadubini ya nini?

#18 Binti wa Pathojia

Kijana, mRDT imeokoa watu na sitaidharau. Zahanati isiyo na umeme inaihitaji. Lakini inajibu ndiyo au hapana. Haikuambii vimelea ni vingapi. Kipimo kinachotafuta HRP2, protini ya kimelea cha malaria, kinaweza kuendelea kusoma chanya kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo mgonjwa aliyemaliza dawa akirudi na homa, mistari miwili haikusaidii kujua kama dawa imeshindwa. Na kuna sehemu, Eritrea ikiwemo, ambako vimelea vimepoteza jeni la protini hiyo, kipimo kinawapita kama hawapo. Slaidi inaonyesha kimelea chenyewe. Na wakati unamtafuta malaria unaweza kukutana na homa papasi kwenye fildi hiyohiyo, kitu ambacho hukukiagiza.

#19 Kijana wa Kipimo

Hiyo ya HRP2 sikuijua. Nimeshusha bendera.

#20 Mama Abdul wa Kona

Samahani wataalamu, mimi si mtu wa maabara. Juzi nimepewa majibu "wadudu watatu". Jirani yangu ana "wadudu watano" na anatembea. Mimi nimelala kitandani. Inakuwaje?

#21 Mzee wa Fildi

Pole sana mama, na ugua pole. Umeuliza swali la maana kuliko yote kwenye uzi huu.

"Wadudu watatu" peke yake si kipimo, kwa sababu hujaambiwa ni watatu kwenye nini. Kwenye fildi moja? Kwenye fildi mia? Kwenye mfumo wa alama za kujumlisha, jumlisha moja ni vimelea 1 hadi 10 kwenye fildi 100 za tone nene. Mbili ni 11 hadi 100 kwenye fildi 100. Tatu ni 1 hadi 10 kwenye kila fildi. Nne ni zaidi ya 10 kila fildi. Sasa ona: jumlisha tatu inaweza kuwa na vimelea mara elfu kuliko jumlisha moja, na karatasi ya majibu inaandikwa kwa mkato.

Njia bora ni kuhesabu vimelea pamoja na seli nyeupe. Unahesabu mpaka seli nyeupe 200. Kama vimelea havijafika 100, unaendelea mpaka seli nyeupe 500. Halafu vimelea unazidisha kwa 8000, unagawanya kwa seli nyeupe ulizohesabu. Unapata idadi kwa kila maikrolita ya damu. Mfano vimelea 150 kwa seli nyeupe 200 ni 6000. Hiyo 8000 ni makadirio ya seli nyeupe za mtu mzima wa kawaida, ila inatosha kulinganisha slaidi ya leo na ya kesho. Na slaidi haiitwi hasi mpaka umepita fildi 100 za lenzi ya mia bila kuona kitu.

Kuhusu kuumwa: mtu aliyekulia kwenye malaria nyingi mwili wake unavumilia, mwingine anaangushwa na vichache. Namba haitoshi peke yake, daktari anamwangalia mgonjwa. Maliza dawa zote mama, na ukiona unatapika kila kitu, unachanganyikiwa au mkojo umekuwa mweusi, nenda hospitali usiku huohuo.

#22 Mama Abdul wa Kona

Ahsante sana mwanangu, Mungu akubariki. Dawa namaliza kesho.

#23 Mkojo na Choo

Hapo kwenye tone nene naongezea kwa wadogo zetu wa benchi. Tone nene HALIWEKWI methanoli; ile ni ya tone jembamba tu. Ukikausha tone nene kwa moto au methanoli ikaligusa, seli nyekundu hazipasuki, na mwanga hauwezi kupita kwenye lundo la seli. Maji ya Giemsa (rangi ya kupakia slaidi) yawe pH 7.2. Asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15, au asilimia 3 kwa dakika 30 hadi 45 kama huna haraka. Hiyo ya pili ndiyo nzuri zaidi kwa macho yangu. Kimelea kizuri kina kiini chekundu NA mwili wa bluu. Nukta nyekundu bila bluu ni rangi iliyoganda au chembe sahani. Cheza na skrubu ndogo: uchafu wa rangi hung'aa na hukaa juu ya usawa wa seli.

#24 Muuza Spea

Kuna jamaa ananiuzia hadubini iliyotumika. Nikague nini?

#25 Mzee wa Fildi

Nenda na slaidi yako uliyokwisha kuisoma, iliyopakwa rangi vizuri. Ukienda mikono mitupu, yeye atakupa ile inayoonekana vizuri.

Kwanza lenzi: zichomoe, zigeuze uziangalie kwa mwanga wa pembeni, upande wa nyuma pia. Kuvu inaonekana kama nyuzi. Lenzi ya mia, angalia ncha yake kwa kutumia lenzi ya jicho iliyogeuzwa kichwa chini, inakuwa kioo cha kukuzia kizuri sana. Tafuta mikwaruzo na oili iliyopenya ndani. Oili ikishaingia ndani ya lenzi, acha.

Kisha kondensa: ipo? Watu wanauza bila kondensa na mnunuzi hashtuki. Panda nayo mpaka juu uone haitelezi kushuka. Diaframu ifunguke na kufunga bila jani lililokwama. Balbu yake inapatikana? Ikiwa ya halojeni uulize kabla.

Tundu mbili za macho: tazama kwa jicho la kulia ufokasi, kisha jicho la kushoto kwa kuzungusha pete yake tu, bila kugusa skrubu. Ukiona picha mbili hazikutani hata ukirekebisha upana wa macho, prizimu zimesogea, ishawahi kuanguka hiyo.

Mwisho, fokasi kwa lenzi ya 40, achia mikono, hesabu mpaka thelathini. Picha ikifubaa yenyewe jukwaa linashuka. Hilo lisikutishe: pembeni ya skrubu kubwa kwa ndani kuna ringi ya kukaza, inahitaji tu kuzungushwa kidogo. Itumie kupunguziwa bei, halafu kaza ukifika nyumbani.

#26 Muuza Spea

😂😂 Kesho asubuhi niko kwake na slaidi mfukoni.